Mkongwe ni nani? Historia ya gemu za mtandaoni, tukiitazama kutoka Nakivubo



Tuanze kwa kuweka jambo moja sawa, maana kila tukiandika kuna mtu anatuuliza. Nakivubo si Nakivale. Nakivale ni makazi ya wakimbizi huko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na baadhi yetu tuliishi huko kabla ya kuja mjini. Nakivubo ni hapa katikati ya Kampala: uwanja wa mpira, mfereji unaobeba maji ya mvua na takataka za mji hadi Ziwa Viktoria, soko la Owino, na hatua chache kando yake Kisenyi, wanakokaa ndugu zetu wengi Wasomali. Hapa hakuna mgao wa unga. Kila mtu anajitafutia.

Kikundi chetu kina Wakongo, Warundi, Wasomali na vijana wa Sudan Kusini. Jumamosi jioni, mizigo ya soko ikishafungwa, tunakutana kwenye baraza la duka la kuchaji simu. Ukipita utatuona wote tumeinamia simu, na pengine utasema moyoni, hawa vijana wanapoteza muda bure. Mfanyakazi mmoja wa shirika alitwambia hivyo waziwazi. Hatukumkasirikia. Tulimwambia tutamwandikia historia ya hiki kitu anachokiona. Basi ndiyo hii.

SHIMO LA 33

Pembeni ya soko utawakuta wazee wakicheza omweso. Ni ndugu wa bao letu la Kiswahili: mashimo 32, kete 64. Mzee aliyejifunza utotoni, hata akipotea miaka 30 ugenini, siku akirudi atavuta benchi, ataangalia mchezo dakika mbili, kisha ataomba zamu. Mashimo ni yale yale. Hakuna aliyeamka usiku akatoboa shimo la 33.

Kwenye gemu za mtandaoni, shimo la 33 hutobolewa kila baada ya miezi michache. Unalala ukijua nyumba fulani ina bunduki nzuri, unaamka nyumba haipo, mlima umehamishwa, na silaha uliyoizoea imepunguzwa nguvu. Wachezaji wapya hawaoni tofauti yoyote. Anayeumia ni mkongwe, yaani yule aliyekaa muda mrefu. Ndiyo maana mahali popote wanapokusanyika wakongwe wa gemu utasikia wimbo mmoja: zamani ilikuwa tamu zaidi.

Malalamiko haya yana umri mkubwa kuliko sisi. Moja ya gemu za kwanza za aina hii iliitwa MUD. Ilitengenezwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle. Haikuwa na picha hata moja, ni maandishi tu: unaandika unaelekea kaskazini, kompyuta inakujibu umefika wapi na umemkuta nani. Mwaka 1996 Bartle aliandika makala iliyowagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta vyeo, wanaopenda kuchunguza dunia ya gemu, wanaokuja kwa ajili ya kukaa na watu, na wanaofurahia kuwapiga wengine. Tulisoma mgawanyo huo barazani, tukaanza kuwekana kwenye mafungu. Ubishi ulikwisha saa nne usiku.

Baadaye zikaja zenye picha: Ultima Online mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, World of Warcraft mwaka 2004. Hiyo ya mwisho ilifika mwaka 2010 ikiwa na wachezaji zaidi ya milioni 12. Huo ni mji mkubwa kuliko Kampala mara kadhaa.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi ni cha Star Wars Galaxies. Ilifunguliwa mwaka 2003. Kulikuwa na kazi nyingi za kuchagua, zaidi ya 30: fundi wa silaha, daktari, mcheza dansi wa baa, mjenzi. Kuwa Jedi, shujaa mkuu wa hadithi zile, ilikuwa kazi ya miezi na miezi, na waliofika walihesabika. Novemba 2005 wenye gemu waliamua kuirahisisha ili wapate watu wapya. Kazi zikabaki 9. Jedi akawa kitu anachochagua mgeni siku ya kwanza. Fikiria umesota mwaka mzima, halafu unaamka unamkuta mtoto wa jana amevaa joho lako. Wakongwe wengi waliondoka, wageni waliotarajiwa hawakuja kwa wingi, na Desemba 2011 gemu ikafungwa kabisa.

Wengine walijifunza. RuneScape, ya mwaka 2001, ilibadilika sana mpaka wachezaji wake wa zamani wakapiga kelele. Mwaka 2013 wenyewe waliitisha kura, kisha wakafungua upya ile ya zamani kwa jina la Old School RuneScape. Agosti 2019 World of Warcraft nayo ikafungua toleo lake la zamani. Novemba 2023 Fortnite ilirudisha ramani yake ya mwanzo, na siku moja tu wakaingia watu zaidi ya milioni 44. Kumbe hamu ya nyumbani ni biashara pia.

Kwa nini basi wanabadilisha, kama wakongwe wanaumia? Sababu ni pesa, hakuna fumbo. Seva zinakula umeme na mishahara kila siku. Gemu nyingi za simu ni za bure kuingia, kwa hiyo faida inatoka kwa wanaonunua nguo, ngozi za bunduki na tiketi za msimu. Bila msimu mpya hakuna kipya cha kuuza. Na mkongwe, hata awe hodari vipi, siku moja ataoa, atapata kazi, atachoka. Gemu isiyopata wageni inazeeka pamoja na watu wake. Kwa hiyo mwenye gemu anakaa katikati: akimfurahisha sana mgeni anamfukuza mkongwe, akimsikiliza sana mkongwe mgeni anaona mlango umefungwa.

UWANJA NAO ULIPATA TOLEO JIPYA

Hapa Nakivubo jambo hili tumeliona kwa macho, bila simu. Uwanja wa Nakivubo ulifunguliwa mwaka 1926. Pembeni yake lilikua soko la Park Yard, watu wakauza viatu na nguo miaka mingi. Februari 2017 soko lile likabomolewa, uwanja wa zamani nao ukavunjwa ujengwe upya. Ulifunguliwa tena Aprili 2024, sasa una maduka kuzunguka pande zote, na watu wengi wanauita Hamz. Ni mzuri, hatukatai. Lakini muuzaji aliyejua kila kona ya Park Yard, aliyejua mteja gani anapita saa ngapi, ujuzi wake ulibaki bila mahali pa kuukanyagisha. Mama mmoja anayeuza mitumba alitwambia kwamba siku ile ndipo alipokuwa mgeni katika mji aliozaliwa.

JINSI GEMU ZILIVYOTUFIKIA

Sasa turudi kwenye waya. Zamani intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia satelaiti, kilomita kama 36,000 juu angani. Ujumbe unapanda, unashuka, jibu linapanda, linashuka: zaidi ya nusu sekunde inapotea. Kusoma barua pepe, sawa. Lakini kwenye gemu ya kupigana, nusu sekunde ni maisha yako. Adui unayemwona hapo mbele ameshaondoka kitambo. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na kutoka huko mawasiliano yakapanda bara hadi Kampala.

Lakini waya kufika mjini na waya kukufikia wewe ni habari mbili. Kaka zetu wakubwa walianza na vibanda vya PlayStation, wanacheza PES kwa kulipia mechi, aliyefungwa anampisha mwenzake. Ule ulikuwa mchezo wa watu wengi bila intaneti yoyote, mtandao wenyewe ni foleni ya watu kwenye benchi. (Na PES nayo iliondoka: Septemba 2021 Konami waliweka eFootball mahali pake, ikatoka na kasoro nyingi hadi kampuni ikaomba radhi. Wakongwe wa kibandani wanaisimulia kama msiba.)

Kisha zikaja simu za kupapasa za bei nafuu, na sisi tukaingia kwa mlango wa Mini Militia. Ile gemu mlikuwa mnaweza kucheza hadi watu 12 kwa kuunganishwa na simu moja tu, bila MB hata moja. Kule Nakivale tuliicheza tukiwa kwenye foleni. Ukiwa na chaji, una gemu.

Mwaka 2017 ikaja Free Fire, na 2018 PUBG Mobile. PUBG ilikuwa nzito: watu 100 kwenye ramani, mechi karibu nusu saa, simu zetu zikawaka moto kama pasi. Free Fire ilikuwa watu 50, kama dakika 10, na ilikubali simu dhaifu. Ndiyo maana kwetu Free Fire ndiyo iliyoshinda, na sio kwetu tu: mwaka 2021 ilifikisha wachezaji milioni 150 kwa siku moja. Kwenye PUBG hapakuwa na seva ya Afrika ya kuchagua, ukachagua ya Ulaya au ya Mashariki ya Kati. Ukienda Mashariki ya Kati unasikia Kiarabu masikioni mwanzo mwisho. Wenzetu wa Sudan Kusini na Wasomali kadhaa, waliokuwa wakimya barazani kwa sababu Kiswahili chao kilikuwa kichanga, siku hiyo wakageuka wakalimani wa kikosi. Sisi tuliowacheka matamshi yao tukaanza kuwabembeleza.

MAMBO YALIYOKATA NJIA

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame. Ukisoma historia ya gemu za Ulaya na Marekani, mkongwe anaondoka kwa sababu gemu imebadilika. Kwetu, mara nyingi, gemu ilikuwa bado ipo palepale. Kilichokatika ni njia ya kuifikia.

Tuhesabu. Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi wa Kongo, intaneti ilizimwa nchini humo karibu wiki tatu. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kwa anayebeba mizigo Owino, hiyo ni sehemu ya chakula cha mchana.

Kisha laini ya simu. Kwa miaka mkimbizi alipata shida kuandikisha laini kwa jina lake, akatumia laini ya jirani au ya mwenye nyumba. Mkikosana na mwenye nyumba, namba imeondoka, na akaunti iliyofungwa kwa namba ile imeondoka nayo. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu wakimbizi kutumia kitambulisho cha mkimbizi au barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wakubwa wa mashirika mliolipigania lile, asanteni. Pengine hamkujua kwamba mliokoa na akaunti za gemu.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ilizimwa siku tano. Iliporudi, Facebook haikurudi, na imeendelea kufungwa kwa miaka. Sasa, wengi wetu tulikuwa tumefungua Free Fire kwa kuingilia Facebook. Gemu inafunguka, ukibonyeza kuingia inazunguka, inazunguka, haifiki. Waliojua VPN walipita. Wasiojua walianza upya kutoka sifuri, au waliacha. Kwa hiyo wanaoitwa wakongwe hapa barazani, tukisema kweli, si wale waliokuwa hodari kuliko wote. Ni wale ambao njia yao haikukatika.

TULIMKOSEA MTU

Jambo hili tulilielewa kwa aibu, na tunaliandika kwa sababu ni letu.

Goma ilichukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025. Miezi iliyofuata vijana wengi walifika Kampala. Mmoja alikuja barazani Jumamosi moja, amekaa pembeni, kisha akaomba kucheza. Simu ilikuwa ya kuazima. Akaunti yake ilikuwa ile ambayo gemu yenyewe inaiita ya mgeni, unaingia bila jina wala namba. Daraja la shaba, la chini kabisa. Tulimweka kwenye kikosi kwa huruma. Alipokimbilia upande tofauti na tuliosema, tukamcheka. Mmoja wetu akamwita roboti, maana gemu huwachanganya wachezaji wapya na roboti ili wasikate tamaa. Mechi ya pili tulimtoa kikosini. Alisema asante, akarudisha simu, akaondoka.

Wiki mbili baadaye dada mmoja wa kikundi alimkuta Owino akibeba magunia, akamuuliza kwa nini haji. Ndipo habari ikatoka. Alianza Free Fire mwaka 2019. Alikuwa kiongozi wa chama, wenzake walikuwa Goma, Bukavu na ng'ambo ya mpaka Gisenyi. Upande ule aliokimbilia, sisi tukamcheka, ulikuwa upande sahihi kwa ramani aliyoijua. Ramani ilikuwa imebadilishwa kidogo katika miezi aliyokuwa njiani. Na simu yake ilibaki barabarani alipokuwa anakimbia.

Tulimwambia, pole, utapanda tena, vyeo hushushwa kila msimu hata kwetu. Akatikisa kichwa. Akasema hataki cheo, wala nguo za gemu. Anataka orodha. Kwenye chama kuna orodha ya wanachama, na mbele ya kila jina imeandikwa aliingia mara ya mwisho lini. Ilikuwa ndiyo orodha pekee aliyonayo ya marafiki zake. Akiiona, angejua nani ameshika simu baada ya Januari.

Barazani hapakuwa na wa kusema neno.

Akaunti yake hatukuipata. Barua pepe aliyoifungulia hakuikumbuka vizuri. Lakini majina ya gemu alikuwa anayakumbuka, yale majina ya ajabu yenye nyota na herufi zilizogeuzwa. Tulikaa naye jioni mbili tukiyaandika moja moja kwenye sehemu ya kutafuta, tukituma maombi ya urafiki kutoka kwenye akaunti yake ya mgeni. Alikumbuka matano. Watatu walikubali. Mmoja yuko Bujumbura, mmoja Nakivale, mmoja bado yuko Goma. Wawili hawajajibu.

TULICHOBADILISHA

Tangu siku hiyo barazani kuna utaratibu mpya. Mgeni akija, kabla hajapewa simu anaulizwa: ulianza lini, uliishia wapi, ramani gani unaijua? Haulizwi cheo, maana cheo ni cha simu. Tena anapewa mechi tatu za kuzunguka tu na mmoja wetu anayemwonyesha kilichohamishwa, kama unavyomwonyesha mtu teksi za Katwe zinapakia upande gani siku hizi.

Kwa vijana wenzetu: funga akaunti yako kwa njia mbili, sio moja. Namba yako ya mchezaji iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na karatasi zako za ukimbizi. Akaunti ya mgeni ikifutwa kwenye simu haina pa kurudi. Na majina ya watu wako yaandike pia.

Kwa wakubwa zetu wa mashirika: fomu zenu zinauliza tulifika tarehe ngapi, tuko wangapi, tunahitaji nini. Tunajibu kwa heshima. Lakini kila fomu inatuanzisha kwenye daraja la shaba. Huyu anayebeba magunia aliongoza watu 40 wa miji mitatu, aliwapangia zamu, aliwapatanisha wakigombana. Hakuna kisanduku cha kuandika hilo. Mkiongeza kisanduku kimoja tu cha kuuliza mtu alikuwa anafanya nini kabla ya kukimbia, mtashangaa.

Kuna eneo hapa jirani linaitwa Shauriyako. Jina zuri kwa soko. Kwa kikundi halifai.

Yule ndugu anakuja kila Jumamosi sasa. Amefungua chama kipya, na nafasi mbili ameziacha wazi. Tukimwambia aingize watu wengine, anasema bado.

Wewe unayesoma, tuandikie: ramani yako ya kwanza ilikuwa ipi, na uliicheza na nani?